Nyama Isiyodungwa Sindano

Siku ya kwanza mke wa mwanangu alipokaa mezani kwangu, hakula nyama. Nilikuwa nimeipika taratibu tangu mchana, mbavu za mbuzi na vitunguu na dania, nikasonga ugali wa unga tuliosaga wenyewe. Alikuwa amefika jioni ile kutoka Mtito Andei, ambako mwanangu anasimamia kituo cha petroli. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Daktari alikuwa amemwambia apumzike, na pale Mtito malori hayalali, basi mwanangu akanipigia simu kuuliza kama mkewe anaweza kuja kukaa nasi hapa Salama mpaka ajifungue. Nilimwambia hilo si jambo la kuuliza. Nikafua mashuka, nikatoa cherehani na sare za shule ninazoshona kwenye kile chumba kidogo, nikaenda bucha.

Mzee wangu ni mzee wa kanisa, na hafupishi maombi hata ugali ukipoa. Alipomaliza kubariki chakula tulinawa, tukaanza. Msichana alikula ugali. Akala mboga. Nyama aliisogeza pembeni ya sahani kwa adabu sana.

"Mama," akaniuliza, "hii nyama mlinunua wapi?"

"Bucha hapa stegi, matatu zinaposimama. Tunanunua hapo miaka yote."

"Na wao waliitoa wapi?"

Nilimwangalia mzee, mzee akaniangalia. Katika maisha yangu yote ya ndoa sikuwahi kuulizwa swali hilo, na mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza mtu. Nilijua bei ya nyama, nilijua mwenye bucha akikupunja na asipokupunja, nilijua paja na mbavu na shingo. Lakini mbuzi alikotoka kabla ya kuning'inizwa pale dirishani, hilo halikuwa jambo langu.

"Siku hizi wanadunga wanyama madawa mengi," alisema, kama mtu anayeomba msamaha. "Ili wakue haraka, ili wasife. Halafu zile dawa zinabaki kwa nyama. Mimi nakula oganiki tu, Mama. Sasa hivi, na hali hii."

Mzee alitafuna polepole, akameza. "Oga nini?"

"Oganiki, Baba. Nyama asilia. Isiyodungwa sindano."

Mzee alimega ugali mwingine. Lakini tulipoingia chumbani alifungua kinywa. Mama yake, alisema, alizaa nyumba nzima ya watoto akila mbuzi aliyempata, na wengine walikuwa wamejifia wenyewe kwa kiangazi. Nilimwambia anyamaze, kuta ni nyembamba.

Kesho yake nilienda kwa mwenye bucha wetu, mwanamume mnene mcheshi ambaye humkatia kila mteja kipande cha kuonja kutoka kwenye choma. Nikamuuliza nyama yake inatoka wapi.

"Inatoka kwa mbuzi, mama," akasema, na watu waliokuwa wakingoja wakacheka.

Nikamwambia nauliza kweli. Akaacha kucheka, akapangusa kisu. Akaniambia yeye hununua sokoni, leo soko hili, wiki ijayo lile, kwa yeyote mwenye mbuzi mzuri. Mkaguzi huja asubuhi, anaangalia maini na mapafu, anapiga mhuri. "Akishapiga mhuri, mimi nauza. Kama hiyo mbuzi ilidungwa sindano na mwenyewe, haikuniambia."

Jibu lake lilikuwa la haki. Lakini nilipofika nyumbani nikiwa na kilo yangu kwenye mfuko, niliiweka kwenye meza nikaitazama, na kwa mara ya kwanza sikujua nilichokuwa nimenunua.

Ng'ambo ya barabara kuu palikuwa na duka jipya. Lina friji ya vioo, vigae vyeupe, na ukutani wamechora mbuzi mwenye afya amesimama juu ya nyasi za kijani ambazo huku kwetu tunaziona wiki chache tu baada ya mvua. Wenye magari ya kwenda Mombasa ndio husimama pale. Mimi nilikuwa sijawahi kuingia. Niliingia sasa, nikaona bei, nikatoka. Nikarudi tena.

Msichana wa koti jeupe alinihudumia vizuri. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya bucha yetu. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema wanyama wao wanalishwa majani ya porini tu, hawadungwi dawa za kukuza, hawapewi vyakula vya viwandani, na wanatoka kwenye shamba la mwenye duka, upande wa Kitui. Alisema yote haya bila kupumua, kama mtoto anayekariri aya ya Jumapili. Nikanunua nusu kilo.

Jioni ile mke wa mwanangu alikula. Alikula mpaka akalamba vidole, na nikagundua kwamba tangu afike nilikuwa sijamwona akishiba. Mimi nilionja kipande. Nilitafuta ile tofauti kwenye ulimi. Ilikuwa ngumu kidogo. Labda ilikuwa na ladha zaidi, na labda ni kwa sababu nilijua bei yake. Mzee alitafuna kwa muda mrefu akitazama dari.

"Hii mbuzi ilitembea sana," akasema.

Tukaendelea hivyo. Nusu kilo ya duka jipya haitoshi watu watatu, basi nilimpikia msichana nyama yake kwenye sufuria ndogo, na sisi wawili tukala muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na sukuma. Mwanangu alituma pesa, lakini si za kutosha nyama ya namna hiyo kila mara. Sikumwambia. Mzee akaanza kuuliza, si kwa ubaya, kama mtoto atazaliwa na pembe. Na mimi nilikuwa kati. Asubuhi niliamini msichana yuko sahihi, kwa sababu amesoma na mimi sikusoma sana, na kwa sababu ni kweli magonjwa ya siku hizi hayahesabiki. Jioni niliamini mzee yuko sahihi. Nikiwa kwenye cherehani nilijikuta nasimamisha mguu katikati ya mshono, sindano imezama kwenye kitambaa, nawaza maini ya mbuzi.

Ndipo nikamkumbuka dada yangu. Dada yangu mkubwa aliolewa huko Kwa Vonza, upande wa Kitui, na ana mbuzi. Mbuzi wa kienyeji hasa, wanaokula miiba na majani makavu, wanaojua njia ya kwenda mtoni wenyewe. Kama kuna nyama asilia duniani, nilijiambia, iko kwa dada yangu, na haina kigae cheupe wala koti jeupe. Nilimwambia mke wa mwanangu nitamletea mbuzi mzima kutoka Kwa Vonza. Alifurahi akanishika mkono.

Siku ya kusafiri nilipita kwenye duka lile kununua nyama ya kumwachia. Nilimwambia yule msichana wa koti jeupe ninakoenda. Akaniambia shamba lao liko njia hiyohiyo, kabla ya kufika Kwa Vonza, na kwamba mwenyewe hapendi kitu kama wateja kwenda kuona. "Shuka pale, uliza, kila mtu analijua."

Sikujua kama alikuwa akinikaribisha au akinijaribu. Nikashuka.

Nilitarajia, nikisema kweli, kumkuta mwongo. Ningefurahi kumkuta mwongo, mambo yangekuwa rahisi. Badala yake nilimkuta mwanamume wa makamo mwenye kofia iliyochanika, aliyekuwa na kazi ya ofisi Nairobi akaiacha kurudi kwenye ardhi ya baba yake. Alinipa kiti chini ya paa la mabati, akanipa maji, halafu akanitembeza. Mbuzi wake walikuwa wametapakaa kwenye vichaka vya mwiba, weupe na wekundu, manyoya yanang'aa. Aliwagawia maeneo ya kula kwa zamu ili kupe wasizoeane nao. Alinionyesha mwarobaini anaochemsha kwa ajili ya minyoo. Alikuwa anawapenda. Hilo lilionekana, kwa sababu hakuwa akiniangalia mimi anapozungumza, aliwaangalia wao.

Kando ya boma palikuwa na kizizi kidogo, na ndani yake mbuzi mmoja amelala, shingo ameinyoosha chini, mbavu zinapanda na kushuka haraka.

"Huyu ana nini?"

"Kifua," akasema. "Tunamwangalia kwanza. Tumempa dawa ya miti."

"Na asipopona?"

Akavua kofia, akajikuna. "Asipopona tunamdunga. Hatuwezi kumwacha afe hivi hivi. Lakini akidungwa anatoka kwenye kundi. Hawezi tena kuuzwa pale dukani."

"Anaenda wapi?"

"Sokoni. Tunangoja dawa itoke mwilini, zile siku zilizoandikwa kwenye chupa, halafu anaenda sokoni kama mbuzi mwingine."

Nilisimama pale nikifikiria bucha yetu ya stegi, na mhuri wa mkaguzi, na kilo zangu za miaka yote. "Na huyo wa sokoni," nikauliza, "nyama yake ni mbaya?"

"Hapana, mama. Dawa ikishatoka ni nyama nzuri kabisa."

"Sasa mimi nalipia nini kwako?"

Hakukasirika. Nadhani alikuwa amejiuliza swali hilohilo. Alisema si dawa peke yake, ni namna mnyama anavyoishi, ni ardhi, ni kwamba kiangazi kilichopita alipoteza mbuzi ambao mwenzake angewaokoa mapema kwa sindano, na hasara hiyo iko ndani ya bei. Nilielewa kila neno. Nilipojaribu kuyaunganisha hayakushikana. Yule mbuzi wa kizizini alikohoa, kikohozi kikavu kama cha mtu mzima, na nikatamani sana mtu amdunge sindano sasa hivi, wakati huohuo nikijua nyama ya namna hiyo ndiyo mke wa mwanangu anayoikataa.

Nilimshukuru, nikaendelea na safari.

Dada yangu alikuwa ameshachagua mbuzi wangu kabla sijafika. Dume aliyehasiwa, mweusi, sikio moja limekatwa alama, amenona mpaka mgongoni. Alikuwa amefungwa karibu na jiko. Tulikaa tukaongea habari za watoto na kanisa na nani amefariki. Dada yangu hazeeki upesi, kazi imemkausha lakini haijamkunja. Nilipomweleza kwa nini nataka mbuzi wake hasa, na si wa sokoni, alijibu kwa fahari kwamba mbuzi wake hata wazungu wangewataka.

Halafu jua lilipoanza kushuka, mbuzi walirudi, na mmoja wao, jike lenye mimba, likawa linatoa kamasi. Dada yangu aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye leso kuukuu. Akakifungua. Ilikuwa chupa ya dawa na bomba la sindano.

Alilibana lile jike kati ya magoti yake, akavuta dawa, akadunga shingoni, akasugua mahali pale kwa kidole gumba. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Alifanya kama mimi ninavyotunga uzi.

"Unafanya nini?" nikasema. Nadhani nilipaza sauti.

"Si unaona. Ana homa."

"Unawadunga?"

"Wakiugua niwafanyeje? Niwaombee tu?"

"Na huyu wangu? Huyu mweusi ulimdunga?"

Alisimama akafikiri. Hakuwa mtu wa kunidanganya. "Kuna mmoja nilimdunga mvua zilipoisha. Nadhani ni huyu. Au ni yule ndugu yake mwenye doa. Walikuwa wanakohoa wote."

"Lini hasa?"

"Sasa mwiitu wa mwaitu, binti ya mama yangu, mimi naandika?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia shida yangu ilivyo, yale ya dawa kubaki kwenye nyama, na msichana aliyenisubiri nyumbani. Nilijua ninavyozungumza kwamba ninamuumiza, lakini nilishaanza. Alinisikiliza huku akiifunga chupa yake kwenye leso, polepole, pembe kwa pembe.

"Kwa hiyo mbuzi wangu ni wachafu," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Wewe ulikuwa hapa mwaka ule walipokufa? Ulikuwa Salama. Mimi niliamka nikakuta sita wamelala, kesho yake wengine. Sikuwa na dawa, sikuwa na kitu. Niliwavuta kwa miguu mpaka kwenye shimo. Mbuzi ndio karo, mbuzi ndio hospitali. Tangu hapo chupa hii hainiishii. Mbuzi akikohoa usiku nasikia nikiwa usingizini." Akaelekeza kidevu kwenye jiko. "Huyo mweusi si wa kuuza. Nilishamtoa kwa mtoto. Utamchukua."

Nilimchukua. Ningefanyaje? Zawadi ya mtoto ambaye hajazaliwa hairudishwi. Asubuhi tulimpakia kwenye pikapu ya jirani yake iliyokuwa inapeleka matikitimaji mpaka Salama, mimi mbele na dereva, mbuzi nyuma kati ya matikitimaji, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno na kuyapangua. Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua. Msichana angekula kwa amani, dada yangu angefurahi, mzee angekula nyama baada ya majuma ya muthokoi. Lakini pia kama lolote lingetokea, lolote, ningebaki na neno hilo moyoni mpaka nife.

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni pikapu ilipoingia. Alimwona mbuzi akapiga makofi.

"Mbuzi wa mama mkubwa! Huyu sasa ndiye oganiki mwenyewe."

Nikamwambia hapohapo, kabla hata kamba haijafungwa mtini. Nikamwambia ya shambani na ya kwa dada yangu, yote kwa mkupuo, hata yale ambayo sikuyaelewa. Nilitarajia abishane, au aseme basi, tutaendelea na duka. Badala yake alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, akafunika uso kwa mikono, akalia. Alilia kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu nimjue.

Nilikaa karibu naye. 

"Mama," akasema baadaye, "yule wa kwanza unamkumbuka?"

Nilimkumbuka. Walikuwa wamepoteza mimba mwaka uliotangulia, ikiwa kubwa. Tulienda kuwaona, tulipeleka chakula, mzee aliomba. Halafu hatukulitaja tena, kwa sababu tulidhani kutolitaja ndiyo huruma.

"Nilimuuliza daktari sababu. Akaniambia hakuna sababu. Wamepima kila kitu, hakuna. Nikamuuliza tena siku nyingine, akaniambia wakati mwingine hutokea tu." Alifuta uso kwa upindo wa gauni. "Kitu kinaweza kutokea tu, Mama? Wangeniambia ni chumvi ningeacha chumvi. Wangeniambia ni kulala chali nisingelala. Sasa kila kitu nakitazama nawaza, labda ni hiki. Maji. Nyama. Sabuni."

Nilishika mkono wake. Nilikuwa nimefikiri tunazungumza juu ya nyama.

Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimekiwaza kwa miaka. Nikiwa nimembeba mumewe tumboni, mama mkwe wangu alininyima mayai, akaninyima nyama yenye mafuta, miezi ya mwisho akaninyima hata maziwa, eti mtoto atakuwa mkubwa anishinde kuzaa. Niliona mayai yakipita mbele yangu kwenda kwa wageni. Nilitii yote kwa hofu. Kliniki waliniambia kinyume kabisa, nile mayai, ninywe maziwa, na hapo napo nikaogopa, nikawa naogopa pande zote mbili. Mtoto alizaliwa mdogo kama panya.

"Na sasa angalia alivyo," nikasema, na msichana akacheka kidogo kwenye machozi, kwa sababu mwanangu hapiti mlango bila kuinama.

"Kwa hiyo mama mkwe wako alikosea au hakukosea?"

"Sijui," nikamwambia. Na sikujua. Bado sijui.

Mzee alikuwa nyuma ya dirisha muda wote huo, anatengeneza jembe lisilokuwa na shida.  Kesho yake mchana alirudi kutoka barabarani na kifurushi cha lile duka la vigae, kilo nzima, akakiweka mezani mbele ya msichana na kwenda zake kuosha mikono. Sikumuuliza alipopata pesa. Wakati wa kula alibariki chakula kwa ufupi kuliko nilivyowahi kumsikia: "Bwana, bariki nyama, ya sindano na isiyo ya sindano, na yule anayeila." Akafumbua macho.

Tangu siku hiyo tulinunua pale kila tulipoweza, na hakuna aliyelalamika, ingawa mashaka yangu hayakwenda popote. Niliposimama mbele ya ile friji nilijiuliza ninanunua nyama au ninanunua usingizi wa msichana, na kama ni usingizi, je, bei ilikuwa ghali au rahisi. Kwa usingizi ilikuwa rahisi. Kwa nyama sikuweza kusema. Nilimuuliza daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbwa wa jirani, akanieleza mambo yaleyale ya siku za kungoja, akaongeza kwamba tatizo ni wale wasiongoja. Nikamuuliza nitawajuaje wasiongoja kwa kuangalia nyama. Akasema huwezi.

Mbuzi mweusi tulimfuga uani. Hakuna aliyetamka kwamba tunangoja dawa itoke. Tulisema tu mtoto hajafika bado.

Mtoto alifika mapema kidogo kuliko tulivyotazamia. Uchungu ulianza asubuhi nikiwa namalizia kola za sare, na tukapata gari la jirani kwenda hospitali. Nilikaa kwenye benchi la nje na mwanangu, aliyekuja mbio kutoka Mtito na nguo za kazi zinanuka dizeli. Muuguzi akatoka kutuita. Ni msichana, akasema. Analia, mnamsikia? Tulimsikia.

Dada yangu alikuja kutoka Kwa Vonza kabla mzazi hajatoka hospitali. Alifika na vitu vyake vya supu kwenye kikapu, akafunga leso kiunoni, akachukua jiko langu bila kuniomba. Mzee na jirani walichinja yule mbuzi mweusi. Mimi niliosha matumbo, na nilipokuwa nayageuza maini mkononi, laini, mekundu meusi, bila doa, nilijikuta nayatazama kwa karibu sana kama mkaguzi. Dada yangu aliniona.

"Unatafuta sindano?" akasema.

Mke wa mwanangu aliletwa nyumbani akitembea polepole, mtoto amefungwa kwenye blanketi la manjano. Dada yangu alimkalisha, akamwekea bakuli la supu mikononi, moto, yenye mafuta yanayoelea juu, akasimama mbele yake mikono kiunoni.  Yule msichana aliinamisha kichwa akanywa. Alikunywa mpaka chini, akatafuna nyama, akanyonya mfupa, akanyoosha bakuli aongezwe. Hakuuliza kitu. Dada yangu alimwongezea, na aliponipita kwenda jikoni alinikanyaga kidole cha mguu kwa makusudi kabisa.

Usiku nilipokuwa nikimsaidia kumlaza mtoto nilimuuliza. Nilisema: "Leo hukuuliza nyama imetoka wapi."

Alinitazama kama vile swali limemshangaza.

"Nilikuwa na njaa, Mama," akasema.

Nililala nikifikiria jibu hilo. Nilidhani nitapata ndani yake kitu cha kunituliza, kwamba mambo yote yale yalikuwa hofu tu, na hofu imekwisha. Lakini nilijua si hivyo pia. Yule bwana wa shambani hakuwa mwongo. Yule daktari wa mifugo hakuwa akitania aliposema kuna wasiongoja. Na dada yangu bado hakumbuki alimdunga nani.

Walirudi Mtito Andei mtoto alipopata nguvu. Mimi na mzee tulibaki na nyumba yetu, na nikarudisha cherehani kwenye kile chumba kidogo. Sasa nikienda kununua nyama nasimama kando ya barabara kuu kabla ya kuvuka, bucha ya stegi iko nyuma yangu na duka la vigae liko mbele, na malori yanapita, na mara nyingine navuka, mara nyingine sivuki. Ukiniuliza ninafuata nini, inategemea siku. Kuna siku ni pesa. Kuna siku ni yule mbuzi wa kizizini anayekohoa, na kwa sababu yake navuka, na siku nyingine kwa sababu yake yeye huyohuyo sivuki.

Majuzi mke wa mwanangu alinipigia simu. Mtoto anaanza kula vyakula vya kuponda, na kliniki wamemwambia ampe maini kidogo, yanaongeza damu.

"Lakini Mama, nimesoma kwamba maini ndiyo yanashika dawa zote za mnyama. Nimpe, nisimpe?"

Nilifikiri kwa makini, kwa sababu alikuwa ananiuliza kwa makini. "Mwanzie na ndengu," nikasema. "Chemsha mpaka zipasuke, uponde."

Nikasikia kijiko kikigonga bakuli.

"Ndengu wanapulizia dawa shambani, Mama. Wadudu."

Ni kweli. Zetu wenyewe huwa tunazipulizia, mzee hubeba bomba mgongoni. Halafu nikamsikia anaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka mzee akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akilia njaa.

"Nenda umpe kitu," nikamwambia.

"Nimpe nini?"

Nikamwambia ngoja kidogo, nifikirie, nitakupigia.